Mama Vikopo
Wanariadha wanamwita Mama Vikopo, wala hakasiriki. Kazi yake ni kuchukua mkojo wa wakimbiaji wa kike baada ya mbio, ukapimwe dawa zilizokatazwa. Kikopo hamchagulii mtu, anapanga vitatu mezani, vyote vimefungwa, na kusema, "Chagua mwenyewe, mwanangu. Kesho usije ukasema nimekutilia kitu." Kisha anaingia naye chooni, mikono kifuani, akimkodolea macho, maana sheria inataka auone mkojo ukitoka mwilini, usije ukawa wa mtu mwingine uliofichwa nguoni. Anayekwama humfungulia bomba na kumpigia soga za bei ya sabuni mpaka aibu imwishe.

Jumamosi aliletewa mshindi wa mita elfu kumi, binti wa dada yake mkubwa, na mwanamke mwingine wa zamu wa kumpokea hakuwepo. Akampangia vikopo vitatu vilevile. Chooni binti alisita hata baada ya kufunguliwa bomba, mkono mmoja ukiwa umejificha ndani ya bukta.

"Mama mdogo, geuka kidogo tu. Naona aibu."

Hakugeuka. Alinyoosha mkono, akafunga bomba.

"Nimekuogesha mpaka ulipoanza shule," alisema taratibu. "Aibu hii umeipata wapi leo?"