Kwanza Mtafuteni

Elinipa Sumari alijulikana kwa ubishi tangu kabla sijahamia jirani naye, huku juu ya Tengeru. Watu walinisimulia jinsi alivyong'oa mibuni ya marehemu mumewe. Ilikuwa miaka ile bei ya kahawa ilipoporomoka, ushirika umelegea, na wanunuzi binafsi wanapita na magari yao wakitaja bei waliyoamka nayo. Mumewe alikuwa amefariki na kumwachia ekari moja na nusu na mtoto wa miaka mitatu. Wazee wa ukoo walimkalisha, wakamwambia kahawa ni heshima ya mji wa mtu, haing'olewi na mwanamke. Aliwasikiliza mpaka mwisho, akawashukuru, na kesho yake akaingia shambani na shoka.

Alipanda nyanya. Mwaka wa kwanza ugonjwa ukazimaliza zikiwa mbichi, na waliokuwa wamemkataza wakapita barabarani polepole ili waone vizuri. Mwaka wa pili akapanda tena, na kabichi pembeni. Nilipomfahamu mimi, alikuwa na meza yake sokoni Tengeru kila Jumatano na Jumamosi, na yule mtoto, Violet, yuko kidato cha tatu: msichana mrefu, mwepesi wa kucheka, mgumu kutumwa lakini akitumwa anakwenda.

Jumanne moja ya mwezi wa sita, mwaka 2015, Violet alirudi kutoka shuleni, akachukua mundu na kiroba, akapanda kwenda kukata majani ya ng'ombe. Hata sketi ya shule hakuivua. Ukungu ulikuwa umeshuka tangu mchana, kama kawaida ya mwezi huo. Hakurudi.

Jumatano alfajiri tulitoka kumtafuta. Tulikuwa kama watu thelathini. Mama yake alikuwa ameshakwenda kituoni na kuandikisha taarifa, akarudi kwa miguu na kutukuta tumejipanga. Tulipita kwenye migomba yote, tukafuata mfereji, tukatazama mashimo ya zamani ya mchanga. Saa sita mchana tulikuwa tunajiandaa kupanda juu zaidi, kuelekea mpaka wa msitu, simu zikaanza kulia mifukoni, moja baada ya nyingine.

Ulikuwa ujumbe kwenye grupu la WhatsApp la kata yetu. Grupu hilo lilianzishwa na Sifaeli, mwenye kibanda cha kuchaji simu na kutuma pesa, na karibu kila nyumba ilikuwa na mtu humo. Ujumbe ulisema: "Yule binti ameonekana Kwa Mrombo jana jioni akiwa na kijana. Yuko salama. Msijisumbue." Chini yake mtu akaweka picha ya kijana anayeitwa Brian, muuza vipuri vya pikipiki pale Tengeru, na kuandika: "Ni huyu."

Niliona watu wakilegea. Mmoja alikaa kwenye jiwe akafuta panga lake. Mwingine akasema watoto wa siku hizi, na wengine watatu wakamwitikia ndiyo. Kufikia saa saba tulikuwa tumebaki watano. Kisha nami nikaondoka. Nilijiambia nina ng'ombe wa kukamua, na kweli ninao, lakini hawakamuliwi saa saba mchana.

Elinipa hakuwa kwenye grupu. Simu yake ilikuwa kitochi, ya kupiga na kupokea tu. Aliposomewa ule ujumbe hakubishana na mtu. Alirudi nyumbani, akatoa ukutani picha ya Violet ya siku ya kipaimara, akashuka mjini.

Pale Kwa Mrombo, sokoni upande wa pili wa mji, alipita meza kwa meza akiionyesha ile picha. Wengi walitikisa kichwa. Kinyozi mmoja aliitazama kwa makini, akasema jana jioni alimwona msichana mrefu wa sketi ya bluu ya shule, amesimama na kijana pale kwenye vitunguu. Elinipa alikwenda kwenye vitunguu. Muuzaji alikuwa mama mmoja anayeitwa Simaloi. Alisikiliza maelezo yote, kisha akageuka nyuma na kuita. Akatoka msichana mrefu wa sketi ya bluu.

"Shikamoo mama," alisema yule msichana.

"Marahaba, mwanangu," Elinipa alijibu, akabaki anamtazama.

"Huyu ni wa kwangu," Simaloi alisema. "Jana alikuja na kaka yake kuniletea chakula. Kama kuna mwingine aliyesimama hapa, mimi sikumwona, na nilikuwa hapa tangu asubuhi mpaka jua linazama." Kisha akamshika mkono. "Rudi huko alikopotelea, mama. Usipoteze siku huku."

Elinipa alirudi akapitia moja kwa moja kwa Sifaeli na kumweleza. Sifaeli akaandika kwenye grupu: "Mama mzazi amefika Kwa Mrombo, anasema si yeye." Naona aibu kusimulia yaliyofuata, maana niliyasoma yote nikiwa nimekaa kwangu na chai. Mtu akasema mama anaficha. Mwingine akasema amesikia kwa watu wa kuaminika kwamba binti ana mimba ya miezi mitatu. Mwingine akaandika kwamba mjane akiwa na kichwa kigumu mtoto atamwona nani wa kumwogopa. Yule Brian alikuwa amezima simu na kufunga duka, na hilo nalo likawa ushahidi. Hakuna hata mmoja aliyesema amemwona Violet kwa macho yake. Kila mmoja alikuwa ameambiwa.

Alhamisi asubuhi Naftali, kaka wa marehemu mumewe, alikwenda kumwona. Nilikuwa uani kwangu, na ua wetu ni wa matawi tu.

"Shemeji, tulia," Naftali alisema. "Watoto hawa hurudi wenyewe. Ukizidi kupiga kelele, unaanika ukoo mzima."

"Shemeji, wewe jana ulibaki nami mpaka mwisho, nakushukuru," Elinipa alijibu. "Lakini ukoo haujalala nje siku mbili. Aliyelala nje ni Violet."

Akafunga kanga kiunoni, akashuka kwenye kibanda cha Sifaeli. Nilimfuata kwa mbali, nikijifanya nakwenda kununua sabuni.

Sifaeli alimkaribisha kwa heshima. "Pole, Mama Violet. Tunakuombea kwenye grupu."

"Nataka kusema humo."

"Niambie tu, mama, nitawaandikia."

"Jana uliwaandikia. Nasikia kuna kurekodi sauti. Nirekodi."

Sifaeli alisita. Alisema grupu lina taratibu zake, kuna viongozi humo, kuna wazee wa kanisa, na mtu akiwa na hasira anaweza kusema jambo akalijutia.

"Hao wazee wa kanisa wamesoma kwamba mwanangu ana mimba?"

"Wamesoma."

"Waliona ni utaratibu?"

Sifaeli alibonyeza simu yake, akamsogezea mdomoni. Elinipa alisema kwa sauti ileile anayoitia wateja sokoni, na mpaka leo ninayo kwenye simu yangu.

"Mimi ni Elinipa, mama yake Violet. Simu yangu ni ndogo, haifiki humu mnamoongelea, ila nimesomewa. Mmesema mwanangu ana mimba. Sijui, inawezekana. Mmesema ana mwanaume. Sijui, inawezekana. Mmesema nimeshindwa kulea. Haya. Sasa nawauliza. Mwenye mimba akipotea hatafutwi? Mwenye mwanaume hasikii baridi? Ng'ombe wa shemeji yangu alipopotea mwaka jana mlimtafuta siku nne, wala sikusikia mtu akiuliza tabia yake. Kwa Mrombo nimefika, hayuko. Kwanza mtafuteni. Akipatikana, njooni kwangu mumseme mpaka mchoke, nitawapikia chai. Na kama kuna anayejua kitu akaogopa, aje. Simuulizi kwa nini hakusema jana. Saa tatu naanza kupanda. Asiyekuja, nimemjua."

Alirudisha simu, akasema asante, akaondoka.

Saa tatu tulikuwa watu kumi na mmoja. Nilifika wa saba. Elinipa alinipa kamba niibebe, hakusema kitu kuhusu jana, na hilo lilinichoma kuliko kama angesema. Naftali alikuja, amevaa viatu vya mvua. Tulikuwa tunaondoka, msichana mdogo wa umbo akaja anakimbia kutoka upande wa mfereji. Alikuwa Agnela, anayekaa dawati moja na Violet.

"Shikamoo mama. Nimesikia sauti yako kwenye simu ya kaka."

"Marahaba. Sema, mwanangu."

Agnela alitutazama sisi wote kwanza. Elinipa akamshika bega, akamgeuza, wakatupa mgongo. Hata hivyo tulisikia. Violet alikuwa na simu, alisema, aliyopewa na Brian. Nyumbani hakuweza kuitumia, na huku bondeni mtandao unakatika. Alipotumwa majani alikuwa anapanda mpaka kwenye mti wa mringaringa ulioanguka, juu ya korongo, pale mtandao unashika vizuri, anaongea naye kidogo kisha anakata majani na kurudi.

"Nilitaka kusema jana," Agnela alisema, na machozi yakamtoka. "Lakini waliandika kwamba rafiki zake ndio waliomharibu, wakamatwe."

"Umesema leo. Twende utuonyeshe."

Tulipanda kwa saa moja na nusu. Ardhi ilikuwa na utelezi, na ukungu mzito kiasi kwamba aliyekuwa mbele hakumwona wa mwisho. Tulipofika kwenye ule mringaringa, Elinipa alisimama ukingoni akaita jina la mtoto wake mara moja, akanyamaza. Sote tukanyamaza. Akaita tena. Kutoka chini, mbali kuliko nilivyotarajia, ikasikika sauti ndogo ya kukwaruza. Ilisema, "Mama, niko huku."

Naftali ndiye aliyeshuka kwanza, kamba kiunoni, mtu wa miaka sitini na miwili. Ukingo ulikuwa umemeguka na Violet, akaporomoka nao mpaka karibu na maji. Mguu wa kulia ulikuwa umevunjika juu ya kifundo, umevimba na kuwa mweusi. Simu ilikuwa imezama. Kwa siku mbili alikunywa maji ya korongo kwa kiganja, na usiku alijifunika yale majani ya ng'ombe na kiroba juu yake. Alituambia baadaye kwamba Jumatano alisikia watu wakiita kwa mbali, chini kwenye migomba, na akafurahi, akajua wanapanda. Halafu sauti zikaacha.

Hapo nilikwenda pembeni nikajifanya nakata miti ya machela.

Tulimteremsha kwa zamu. Hospitali alikaa wiki tano. Brian alijitokeza siku ya pili, amekonda, akamweleza Elinipa kwamba Jumanne simu ilikatika katikati ya maneno, akadhani ni salio. Alipotaka kuja kusema, akakuta picha yake imezagaa na watu wanamtafuta na fimbo. Elinipa alimwambia mambo mawili: asimpe tena mtoto wake kitu bila yeye kujua, na akae ale kwanza.

Baada ya hapo grupu lilipata uhai mpya. Sifaeli aliweka picha ya mikono iliyoshikana na maneno ya shukrani kwa Mungu, na watu wengi wakaandika amina, wakiwemo wale walioandika mengine. Kisha maswali yakaanza polepole: binti alikuwa anafanya nini kule juu? Naftali alimshauri Elinipa kwa upole kabisa. "Sema alikwenda kukata majani. Si uongo. Yaishe."

Elinipa alikwenda tena kwenye kibanda, akarekodi mara ya pili. Hii ilikuwa fupi. "Violet alikwenda kukata majani, na kuongea na mvulana kwenye simu. Vyote viwili. Hana mimba, na angekuwa nayo ningewaambia hivihivi. Wawili waliojua alipo walinyamaza kwa sababu ya maneno yenu. Chai iko tayari, njooni."

Tulikwenda watu wanne. Nilimwomba radhi, nikiwa nimesimama. Alinisikiliza, akanimiminia chai, akaniuliza ng'ombe wangu wanakamuliwa saa ngapi siku hizi.

Wengine walimkasirikia. Kuna wateja waliohama meza yake wakisema mwanamke huyu hana haya, na mwalimu mmoja alishauri Violet ahamishiwe shule ya mbali, ambako hajulikani. Elinipa alikataa. Mwezi wa tisa Violet alirudi darasani kwa magongo. Wiki ya kwanza mama yake alimsindikiza mpaka mlangoni, akabaki amesimama getini mpaka kengele ilipolia, akiwaamkia wazazi wote kwa majina.

Mwaka uliofuata, baada ya msimu mzuri wa kabichi, alinunua simu kubwa. Nilikuwa kibandani alipoingia nayo na kumwambia Sifaeli amwingize kwenye grupu. Sifaeli alikohoa. Alisema grupu limejaa, mama, idadi ina mwisho wake.

"Toa mmoja," Elinipa alisema, akavuta kiti akakaa kusubiri.