Siku Niliyoombwa Kukaa Nje

Msichana kutoka China alikodi chumba kwangu Kitengela alipokuwa akisomea shahada ya pili katika chuo kikuu kimoja Nairobi. Watoto wa jirani walimwuliza anajenga barabara gani. Alitabasamu tu, akaendelea kunywa maji yake ya moto.

Utafiti wake ulihusu kina mama wafugaji wa Mashuuru na jinsi wanavyolisha watoto ukame ukija. Huko ndiko kwetu, kwa hiyo nikajitolea kumpeleka kwa dada zangu na shemeji zangu. Kila alipouliza swali, nilijibu mimi. Wanawake walinyamaza kwa sababu mzee anaongea. Naye kwao alilelewa asimpinge mzee wala mwalimu, akaandika yote niliyosema. Nilirudi nyumbani nikijiona nimemsaidia sana.

Msimamizi wake alizikataa kurasa zile. Alimwambia amehoji mwanamume mmoja tu, na bila maneno ya wanawake wenyewe hatapita. Msichana akajifungia chumbani. Mke wangu ndiye aliyemsikiliza, kisha akaja kunieleza kwamba mtoto wa watu ataanguka kwa sababu yangu, na heshima inamzuia kunilaumu. Nilikasirika kwanza. Lakini ni kweli, maisha yangu yote nimekuwa nikiwajibia wanawake, na hakuna aliyenituma.

Nikamwambia turudi Mashuuru. Tulipofika kwa dada yangu mkubwa, msichana alisimama mlangoni mbele yangu.

“Baba, ninakuheshimu. Leo naomba ukae nje.”

Dada yangu akacheka. “Umesikia, mzee? Enda uongeleshe mbuzi, hao hawana haraka.”

Nilikaa kando ya zizi mpaka jua likageuka. Ndani waliongea kwa kupokezana, wakamweleza jinsi wanavyouza mbuzi kimyakimya ili watoto wale, jambo nililokuwa nimemhakikishia kwamba kwetu halipo.

Siku ya kutetea tasnifu yake nilikaa nyuma kabisa. Mtahini mmoja, mzee kama mimi, alisema wanawake wa kule hawauzi mifugo. Msichana akamwambia kwa upole kwamba sivyo, akamsomea maneno ya dada yangu bila kuinamisha macho.

Alipotangazwa kuwa amepita, niliwaambia waliokaa karibu nami kwamba huyo ni binti yangu. Wakamtazama, wakanitazama, na hakuna aliyenibishia.