Uzi Mwekundu wa Mzee Pasi

Filamu iliisha Jumapili saa kumi jioni, na Shoto akabaki ameukodolea macho ukuta. Mkewe alikuwa anafuta machozi kwa kiganja.

"Huyo mwigizaji ana dhambi," alisema. "Kamwachia kaka yake kifungo, yeye anakula raha, na mimi nimekaa hapa namwombea asikamatwe! Nimemwombea kabisa, baba watoto. Wewe je?"

"Si filamu tu hiyo," alisema Shoto, akaenda kunywa maji. Alikunywa glasi mbili wala hakuwa na kiu.

Shoto alikuwa mpiga pasi kwa dobi mmoja, fundi hodari, mdomo haumkauki, mtu wa kutaniana hata na mteja aliyekuja amenuna. Jina alipewa kwa sababu alifanya kazi kwa mkono wa kushoto. Pale kwa dobi kila mpiga pasi alikuwa na rangi yake ya uzi. Akimaliza nguo, anafunga kipande kwenye lebo ya ndani, ijulikane ni kazi ya nani. Uzi wa Shoto ulikuwa wa bluu. Mwekundu ulikuwa wa Mzee Pasi, aliyemfundisha kazi.

Miezi minane nyuma, Shoto alinogewa na soga, pasi ikalala juu ya gauni la harusi. Alipoiinua, kifua cha gauni kilikuwa kimeungua. Akaangaza huku na huku, akafunga uzi mwekundu, akalitundika. Bosi hakutaka maelezo. Mzee Pasi alitolewa mezani akapelekwa uani, kwenye mabeseni ya kufulia. Shoto akajikausha.

Jioni hiyo hakutulia. Alikunja nguo za watoto, akazikunjua, akazikunja tena. Alikaza mguu wa meza ambao haukuwa umelegea. Kilichomkera ni kwamba yule mtu wa kwenye filamu alipendeka: alicheka vizuri, aliwabeba wanawe mabegani. Miezi yote hiyo Shoto alikuwa akijipoza kwamba mtu mwema kama yeye hawezi kuwa ametenda ubaya mkubwa. Sasa alikuwa amemwona mtu wa namna hiyo akiutenda, na alimchukia.

Jumatatu asubuhi aliipita meza yake akaenda moja kwa moja uani. Mzee Pasi alikuwa ameinama, mikono imezama kwenye povu, vidole vimepasuka kwa sabuni.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba."

"Lile gauni..." Alichuchumaa kando ya beseni. "Lile gauni nililiunguza mimi."

Mzee aliendelea kukamua shati. "Najua."

"Unajua?"

"Uzi ulikuwa wangu, fundo lilikuwa lako. Nani mwingine hapa anafunga kwa kushoto? Nimekufundisha kazi mwenyewe, nisilijue fundo lako?"

Shoto alitamani ardhi impasukie. "Sasa mbona hukusema, Mzee?"

"Nilijua utakuja kesho yake." Mzee alilianika shati, akachukua jingine. "Hukuja. Nikasema labda keshokutwa."

Shoto alinyoosha mkono amsaidie kukamua.

"Haya, umeniambia mimi niliyekuwa najua," alisema Mzee, bila kumtazama. "Asiyejua yuko ofisini, ameshafika."