Mapishi ya Shangazi Yalivyohamia Winguni

Siipendi kompyuta ya winguni, na naandika haya kwa hasira zangu zote, kwa hiyo anayetaka sifa zake akasome matangazo. Kompyuta yangu ya zamani ilikuwa sanduku kubwa chini ya meza ya chumbani kwangu, Jang'ombe. Likiwaka lilivuma kama feni mbovu, na wakati wa joto hata paka hakulikaribia. Lakini kilichoingia mle kilikaa mle. Nikilizima na kufunga mlango wa chumba, hakuna aliyeweza kukifikia, awe jirani au waziri.

Ndiyo maana shangazi yangu alikubali kurekodiwa. Shangazi, dada yake baba, alikuwa somo. Kwa asiyejua, somo ndiye mwanamke anayemfunda bibi harusi kabla hajaingia kwa mumewe: usafi, udi, mafuta, namna ya kuzungumza na mume, na mambo mengine ambayo hata hapa siyaandiki. Alinifunda mimi, akawafunda na wanawake wengi wa mtaa wetu, mlango umefungwa, na kila mmoja alitoka mle na amana kwamba maneno yale hayasikiwi na mwanamume. Miaka ya karibuni pumu ilianza kumla sauti. Binti yangu bado yuko chuo, hana hata mchumba. Nikamwomba shangazi aniachie sauti yake, ili siku ya mwanangu ikifika naye afundwe na shangazi yuleyule.

Alilizunguka sanduku, akalikagua kwa nyuma.

"Na hili dude lako lina pa kutokea nje?"

Nikamwambia halina hata intaneti. Akavua mtandio, akakaa kitandani, akazungumza. Tulifanya hivyo alasiri nyingi, akichoka namletea chai ya tangawizi, akipata pumzi anaendelea, na pengine anacheka mwenyewe kwa aliyoyasema. Yote nikayatia kwenye folda niliyoiita "Mapishi ya Shangazi", maana nawajua wanaume wa kwetu, hakuna atakayefungua mapishi.

Kisha sanduku likaanza ukaidi. Nikalipeleka kwa fundi Darajani. Fundi akanieleza kwamba programu ya zamani haitunzwi tena na wenyewe, na kwamba siku hizi kompyuta haikai ndani ya mashine. Unanunua kijisanduku kidogo kama kisahani cha sabuni, unakichomeka kwenye kioo cha kutazamia, na kompyuta yako inakuja yenyewe kutoka huko iliko, nawe unailipia kila mwezi.

"Iliko wapi?" nikamuuliza.

"Winguni, mama."

Hapo dukani alikuwapo mhasibu wa nyumba moja ya wageni huko Shangani, keshahamishwa winguni na tajiri wake. Alikuwa anafoka. Mtandao ukikatika, alisema, yeye na wageni wake wote hukaa kutazamana, maana hata jina la mgeni halionekani. Mwanamke mmoja anayechapa kadi za harusi akamwuliza fundi kama yeye angekubali kulipia kila mwezi meza yake mwenyewe ya kazini. Fundi akacheka tu, kama tunaozungumza ni watoto. Nilitamani kumrushia kile kisahani chake cha sabuni.

Mdogo wangu, anayeishi Dar es Salaam, ndiye aliyenimaliza. Alinipigia simu, akasema, dada, usihangaike, kijisanduku nitakununulia na kila mwezi nitalipa mimi, tumia anwani yangu ya barua pepe. Ni mtu mwema na alitaka kunipumzisha. Fundi akahamisha kila kitu, akanihakikishia hakijapotea kitu, na sanduku langu akalifungua akauza vipande vyake kuwa vipuri. Mimi nilifikiri kuhama ni kutoka sanduku hili kwenda hili dogo. Hakuna aliyeniambia kwamba hili dogo ni tupu.

Tangu siku hiyo sikupata raha nalo. Mvua ikinyesha, kioo kinabaki na kiduara kinazunguka. Mara linataka nywila, mara linataka nithibitishe kwamba mimi ni mimi, chumbani kwangu, kitandani kwangu! Asubuhi moja nikakuta limejibadilisha sura usiku bila kuniuliza, vitu vyangu vimepangwa upya kama vya mtu aliyefariki.

Ikaja Idi. Mdogo wangu alikuwa na wakwe zake nyumbani, wamekaa sebuleni, na mkewe akatamani kupika bokoboko la shangazi, ule mpondo wa ngano na nyama. Yule bwana, kwa kuwa anwani ni yake, akafungua kompyuta yangu hiyohiyo kwenye televisheni yake kubwa ili aonyeshe maajabu. Akaona "Mapishi ya Shangazi". Akabonyeza, mbele ya baba mkwe.

Alinipigia jioni.

"Dada, mimi nlidhani bokoboko."

Angekuwa shangazi wa mtu mwengine ningecheka mpaka nikae chini. Aliniambia rimoti ilizama kwenye mito ya kochi, na mpaka waipate, shangazi alikuwa keshafika mbali. Mzee wa watu alisimama akaenda kutia udhu, na haikuwa hata saa ya sala.

Nilikwenda kwa shangazi kesho yake, nikamkuta keshaambiwa. Wanawake wa Dar nao wana simu.

"Shikamoo, shangazi."

Hakuitikia. Katika maisha yangu yote hakuwahi kuiacha shikamoo yangu ikae hivihivi hewani.

"Sauti yangu ipo wapi?" akaniuliza.

"Ipo winguni."

"Kwa nani huko?"

"Sijui, shangazi."

"Hujui! Hata jini ana kwao, ukimpandisha atakwambia anatoka wapi. Wewe umenipeleka kwa mtu humjui jina." Akakohoa kwa muda mrefu. "Ifute."

"Tukiifuta hatuna nyengine. Na mwanangu bado."

"Nshasema ifute. Wanawake wa Jang'ombe wameniamini, leo mimi nnapiga kelele kwenye televisheni za watu. Mwanao utamfunda wewe."

Nikaifuta mbele yake, kwa simu yangu, maana cha winguni hufunguka hata huko. Ikaniuliza kama nina hakika. Nikajibu ndiyo. Hapo ndipo aliponiitikia marahaba.

Shangazi alifariki kabla ya mfungo uliofuata. Sikujua kama mtu anaweza kutamani kusikia kikohozi cha mwenziwe, lakini mimi nakitamani. Tuliporudi kutoka kwenye khitma yake, binti yangu alikaa mezani kutafuta kitu chake kwenye ile kompyuta, akaniita. Juu ya kioo palikuwa na ujumbe, wa adabu kabisa, kwamba folda "Mapishi ya Shangazi" imehifadhiwa kwenye taka na sasa itaondolewa moja kwa moja. Je, ningependa kuirejesha?

Kumbe wenye wingu lao walikuwa nayo muda wote. Shangazi aliingia kaburini akiamini imefutwa, na wao wanayo.

"Mama, irejeshe," binti yangu alisema. Alikuwa analia. "Ni sauti yake. Nani atajua?"

Na mimi niliitaka. Niliitaka hata kile kicheko tu na ile pumzi inayokwama. Niliwachukia wale watu nisiowajua kwa kuniletea swali lile siku ile, kaburi likiwa bado bichi, tena kwa kitufe cha rangi nzuri. Nikabonyeza hapana. Ikaniuliza tena kama nina hakika, nikabonyeza tena, kwa nguvu iliyoniumiza kidole.

Kisha nikachomoa waya, nikafunga mlango, nikamkalisha binti yangu kitandani pale alipokuwa akikaa shangazi. Nikaanza kumfunda kwa mdomo wangu. Funzo la kwanza nililikumbuka lote. La pili likanikwama katikati, na hapakuwa na mtu tena wa kumuuliza.