Mwaka Huu Mama Shaba Atakaa Kitini

Saa kumi na mbili asubuhi, uwanja wa mnara hauna mtu ila mwanamke mmoja aliyepiga magoti juu ya gunia. Mbele yake kuna kopo la jivu lililochekechwa, malimau mawili yaliyokatwa na kipande cha shuka kuukuu. Anasugua bamba la shaba lenye majina 214.

"Ukisugua kwa kukata herufi, jivu linabaki ndani," anasema bila kuinua kichwa. "Lazima ufuate mwandiko, kama vile unaliandika jina upya."

Wenzake humwita Mama Shaba. Ana miaka hamsini na sita, na kwa miaka ishirini na miwili ndiye mtunzaji wa mnara huu na wa mzinga uliotekwa siku adui alipotimuliwa mkoani. Siku hiyo imekuwa ikiadhimishwa kwa gwaride na hotuba, kisha watu wanarudi makazini. Hayawi hayawi, mwaka huu imetangazwa kuwa sikukuu rasmi ya mkoa. Shule na ofisi zitafungwa. Ni keshokutwa.

Usidhani alizaliwa fundi. Mwaka wake wa kwanza aliupaka mzinga mafuta ya mashine ili ung'ae, akasahau kuufuta. Mgeni rasmi akauegemea akiwa amevaa glavu nyeupe.

"Alipopiga saluti, uwanja mzima uliona kiganja cheusi," anasema, akicheka mpaka limau linamponyoka. "Nilijificha nyuma ya spika hadi wimbo wa mwisho."

Baba yake, koplo mstaafu mwenye miaka tisini na mmoja, alipigana vita hivyo. Jina lake halimo kwenye bamba, na familia inashukuru, kwa maana bamba ni la waliokufa.

Kila mwaka kila askari mkongwe hupewa viti viwili safu ya mbele, kimoja chake na kimoja cha jamaa yake. Jamaa wa Koplo yuko kazini na ndoo, kwa hiyo kiti cha pili hukaliwa na yeyote.

"Mwaka juzi alikaa mwandishi wa habari," anasema mzee, akimtazama mwandishi wa makala haya kwa jicho la shaka. "Namsimulia, hata mto hatujavuka, kaondoka."

Nyumbani Koplo hasimulii vita wala mto waliouvuka vitani. Husimulia pale tu, mbele ya mzinga, mara moja kwa mwaka. Binti yake ameisikia hadithi hiyo vipande vipande, akipita.

"Mwakani ni mbali kwangu," anasema mzee. "Nataka nikae na mwanangu, japo mara moja."

Sikukuu ilipotangazwa, Mama Shaba alijua safari hii atakaa na baba yake. Wiki iliyopita orodha ya zamu ikabandikwa. Kumbe sikukuu ni ya kila mtu isipokuwa watu wa usafi, na jina lake lilikuwa la kwanza. Iliuma. Akaenda moja kwa moja kwa msimamizi wake.

"Mama, usipokuja, umande wa asubuhi nani ataufuta?" msimamizi akauliza.

"Umande haunijui mimi, bosi. Nipe mtu nimfundishe."

Msimamizi akatazama ofisi iliyokuwa tupu, akavua saa ya mkononi. "Basi nifundishe mimi."

Juzi alisugua kwa kukata herufi, majina yote yakawa meupe kama yamemwagiwa unga. Mama Shaba alitumia saa nzima akichokoa jivu kwa njiti ya kiberiti. Leo mwanafunzi huyo amepewa safu tatu za chini, na zimetoka safi.

"Ana mkono mzito, lakini anasikia," mwalimu wake anasema.

"Nimesimamia kazi hii miaka tisa," msimamizi anajibu, akijinyoosha mgongo. "Sikujua kama magoti yanauma hivi."

Gauni la kijani limeshapigwa pasi na linaning'inia nyuma ya mlango. Mama Shaba ana furaha, na hafichi. Hofu yake ni moja tu.

"Mikono yangu hii! Nikiona doa tu, nitainuka."

Koplo ameshalifikiria hilo.

"Gwaride likianza tu, namshika mkono," anasema. "Nitamwachia tukishavuka mto."