Simu ya Kibandani

Juzi jirani aliniazima simu yake. Nilipoiweka sikioni ilikuwa na joto la shavu lake, imelowa jasho, na inanuka pumzi ya mtu. Nikaisogeza mbali na uso.

Simu ya kibandani kule Dundori, nilikolelewa na auntie, ilinuka hivyo hivyo: mate makavu, tumbaku, vitunguu vya wote waliowahi kuitemea. Kila Jumapili mama alipiga kutoka Uarabuni alikofanya kazi, na mwenye kibanda akaweka sauti kubwa ili wanawake waliopumzika hapo na mitungi yao ya maziwa wasikie pia. Hakuna aliyeona ubaya. Simu ya mbali ilikuwa ya kila mtu.

"Mwambie unakula vizuri!" walinifundisha, wakicheka.

"Mtoto wangu, auntie anakutunza?" Sauti ya mama ilitoka ikikwaruza.

Auntie alisimama nyuma yangu, mkono begani, kucha zikinifinya. Wiki nzima nilikuwa nimejiandaa kusema kwamba nalala jikoni na kuku, na kwamba nguo alizonitumia mama zinavaliwa na watoto wa auntie. Midomo yangu ilikaribia kugusa ule uchafu.

"Niko sawa, mama."

"Huyu ako na adabu," mwanamke mmoja akasema, na wengine wakaitikia.

Siku hizi mama amerudi, na ametuweka sote kwenye grupu ya familia mtandaoni. Jana aliandika: "Wanangu, wote mko sawa?" Auntie alikuwa wa kwanza kujibu, kwa emoji za maua na mikono ya maombi.

Nikaipangusa simu yangu kwa spiriti, nikaandika: "Niko sawa, mama."