Umri wa Mtoto Nambari Arobaini na Moja

Kinyongo si kitu kizuri, najua. Kanisani kwetu Kangemi tunaambiwa hivyo karibu kila Jumapili. Lakini mimi nilikifuga changu miaka mitatu, nikakilisha vizuri, na sijutii hata kidogo.

Nilikuwa msaidizi wa utafiti kwa daktari mmoja aliyechunguza ubongo wa watoto wenye kifafa. Kazi yangu ilikuwa kumvisha mtoto kofia yenye waya, kupaka jeli mpaka ifike kwenye ngozi ya kichwa, kisha kukaa naye mashine ikirekodi umeme wa ubongo. Sasa, jeli haipiti kwenye nywele zilizosukwa. Mama analeta binti aliyesukwa jana tu, mistari imenyooka, na mimi namwambia, "Samahani mama, lazima tufumue." Wengine walininunia mpaka tukamaliza. Nilifumua polepole nikipiga hadithi na mtoto, na baada ya kurekodi nilimchana. Ndiyo maana niliwajua mmoja mmoja. Kabla ya kila rekodi niliingiza kwenye mashine tarehe ya kuzaliwa, nikiitoa kwenye kadi ya kliniki, na jioni nilijaza umri kwenye jedwali la daktari.

Jumatatu moja mkutanoni, daktari akaonyesha lile jedwali ukutani. Nikaona mtoto nambari arobaini na moja ameandikwa ana miaka kumi na miwili. Huyo mtoto nilimfumua kwa mikono yangu. Alikuwa ananyonya kidole, na mamake alimleta akiwa amembeba mgongoni. Nikainua mkono nikasema, "Daktari, hapo umri si sawa."

Nilidhani nasaidia. Ujinga wangu huo.

"Kama umri umekosewa," akasema bila hata kugeuka, "aliyeandika ni nani? Si ni wewe? Kazi yako ni kubandika waya, na hata hiyo inakushinda." Watu wakacheka kidogo, kile kicheko cha kumfurahisha mkubwa. Mkataba wangu ulipoisha mwezi ule hakuurefusha. Mbaya zaidi, maneno yakatembea. Watafiti wa ubongo hapa Nairobi ni wachache na wanajuana, na kila nilipoomba kazi niliulizwa, "Wewe si ndiye uliyechanganya data ya watoto?" Kazi ningepata nyingine. Nilichotaka nirudishiwe ni jina langu, basi.

Nikaenda River Road, kwenye duka la kuchapisha, nikawa naandikia watu barua na kuwajazia fomu. Kompyuta ya pale ilikuwa kuukuu, lakini wateja wakipungua nilijifunza kuandika programu, mstari kwa mstari, nikikosea na kurudia. Wanasema subira huvuta heri. Yangu haikuwa subira, ilikuwa hasira. Kila programu iliyokubali, nilimwonyesha daktari kichwani mwangu: haya, na hizi ni waya? Mwaka wa tatu, shirika moja linalofundisha watafiti wa ubongo kuchanganua data likanichukua niwe mkufunzi. Darasa lilikuwa Spring Valley, kwenye nyumba yenye bustani kubwa, ambako mlinzi husalimia magari kabla ya watu.

Siku ya kwanza ya kozi ya Agosti, nani anaingia? Daktari wangu.

"Ah, kumbe siku hizi uko huku?" akasema. "Niangalizie soketi, dada, laptop imeisha chaji."

Nikamwonyesha soketi. Kisha nikaenda mbele, nikachukua kalamu ya ubao, nikawasalimu wanafunzi wangu. Uso wake siku ile ningeupiga picha nikautundika sebuleni.

Kozi yetu ina desturi moja: kila mtu huja na data yake mwenyewe, na siku ya tatu anaichanganua kwenye skrini kubwa, wote wakiona. Siku ya pili nilipopita nyuma yake nikaona jedwali. Lile lile. Nambari arobaini na moja bado alikuwa na miaka kumi na miwili. Daktari akanilalamikia kwamba majibu hayamwingii akilini, mawimbi ya ubongo hayaendi kabisa na umri wa watoto. Mkufunzi mwema angeinama amnong'oneze. Mimi nikamwambia, "Endelea tu, Daktari, kesho tutaangalia pamoja." Nikaenda nyumbani, nikala ugali na mrenda, nikalala fofofo.

Zamu yake ilipofika, nikamwomba aandike mistari michache tu. Programu ifungue kila rekodi, isome tarehe ya kuzaliwa iliyohifadhiwa ndani, ipige hesabu ya umri, ilinganishe na jedwali. Akaandika, tena kwa madaha. Skrini ikajaa: haulingani, haulingani, haulingani.

"Hii kitu imeharibika," akasema.

"Haijaharibika. Hebu tuoneshe safu ya umri, kuanzia juu."

Akaionyesha. Mitatu, mitatu, mitatu, minne, minne, mitano, hivyo hivyo mpaka kumi na miwili mwishoni. Mama mmoja mtafiti aliyekaa katikati akauliza kwa upole, "Kwani Daktari, hawa watoto walikuja kliniki wakiwa wamejipanga kwa umri?" Darasa likaangua kicheko.

Nikawaeleza, na sikuharakisha. Mtu alichagua safu ya umri peke yake, akaipanga kutoka mdogo hadi mkubwa, akaacha safu nyingine zote pale pale. Kila mtoto akabaki na umri wa mwenzake. Jedwali hilo alikuwa analipanga nani? "Mimi," akasema. Na tarehe zilizo ndani ya rekodi, ziko sawa? "Ziko sawa." Aliziingiza nani? Hapo akashika chaja, akaanza kuichomoa. Wawili waliokuwa kwenye mkutano wa ile Jumatatu walikuwa darasani, na wote wakawa wanaangalia meza. Nilikuwa nafurahia, nakiri.

Wakati wa chai akanifuata kwenye korido. "Ungeniambia pembeni," akasema.

"Mimi uliniambia pembeni?"

Akashusha pumzi. "Basi nisamehe."

"Watu wako ndani, Daktari. Waambie wao."

Aliangalia mlango wa kutokea, akaangalia wa darasa. Nilimwachia achague, na nilikuwa tayari kwa lolote. Akarudi ndani, akasimama mbele kikombe kikiwa bado mkononi, akasema, "Umri wa wale watoto niliuvuruga mimi. Huyu aliandika sawasawa, nami nikamsingizia."

Nikamwambia arudie kwa sauti, wa nyuma hawajasikia. Walikuwa wamesikia.